Mita Ishirini na Tano za Kipepeo

Jumatano, tarehe 4 Juni

Mke wangu kapiga simu saa moja jioni. Habari nzito. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo, siku mbili tu. Kule kwenye maabara ya hospitali alikokwenda kwa mkataba wa mwaka, sasa wanataka kumwajiri moja kwa moja. Jibu atoe Jumatatu itakayofuata. Akaniuliza mimi naonaje.

Nikasema ni jambo la kutafakari. Kutafakari! Mdomo huu wangu! Nilitaka kumwambia rudi nyumbani, nyumba imekuwa kubwa mno, kila usiku nalala ukingoni mwa kitanda kana kwamba nafasi yake ina mtu. Badala yake nikasema nimerudi kuogelea. Kweli tupu, nimekwenda bwawani mara mbili. Akacheka, akauliza kama bado naogelea kama zamani. Nikasema zamani si kitu, siku hizi naogelea kipepeo.

Sijui lilitoka wapi. Sijawahi kuogelea kipepeo, mtindo ule wa kurusha mikono yote miwili kwa pamoja, tangu nizaliwe. Ujana wangu wote nilikuwa mtu wa mtindo huru, na hapo ndipo aliponiona, navuka bwawa bila kupumzika, akawaambia wenzake kwamba yule kijana haogopi kitu. Miaka ishirini na miwili iliyopita. Pia kilo kumi na tisa zilizopita.

Mpango ni huu: siku kumi, bwawa zima, mita ishirini na tano za kipepeo. Akiniona atakumbuka. Akikumbuka atabaki. Sioni pa kukosea.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi, bwawa la manispaa, darasa la watu wazima wanaorejea kuogelea. Kocha ni mama mfupi wa miaka sitini na kitu, ndala za plastiki, filimbi shingoni. Nikamwambia nimekuja kwa kipepeo. Akauliza mtindo huru nafika wapi bila kusimama. Nikasema mbali. Akasema haya, tuone.

Mbali ilikuwa mita kumi na nane.

Darasani kwake kuna sheria. Mikono haiguswi mpaka mwili ujue kwenda wenyewe. Unabana mikono mapajani, wimbi linaanzia kifuani, linapita kiunoni, linaishia miguuni, hivyo hivyo mpaka ukuta wa pili. Wengi huchukua wiki tatu. Nikamweleza sina wiki tatu. Akasema kifua kwanza, Bwana Masjala. Alisikia nafanya kazi masjala, basi jina limeshaganda. Hata mwokoaji wa bwawa ananiita hivyo.

Njia ya pembeni anaogelea daktari wa meno. Mdogo kwangu kwa mwaka mmoja. Mikono yake inatoka majini pamoja na kurudi pamoja, na hakuna tone linaloruka. Alipofika ukutani akanisalimia kwa heshima, akasema nina meno mazuri. Simpendi.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Wiki tatu za kubana mikono ni za watu wasio na wake. Nimeamua mikono nijifunzie kazini.

Saa tano, ofisi kimya, nikaingia kati ya rafu ya ardhi na rafu ya leseni. Nikainama, nikavuta pumzi, nikarusha mikono yote miwili. Wa kulia salama. Wa kushoto ulishuka na majalada arobaini.

Mkuu wa Masjala akatokea. Akauliza kuna nini. Nikasema nyoka.

Jamani! Ofisi nzima ikatolewa nje. Tumesimama juani mpaka saa nane huku wakipekua rafu moja moja. Mhasibu ameapa kwamba amemwona kwa macho yake, mweusi, mnene kama mkono. Nimelazimika kukubaliana naye.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Dada yangu mkubwa kaja na hotpoti ya chakula, kanikuta nimelala kifudifudi juu ya benchi la sebuleni, napiga miguu. Akauliza kama aite daktari. Nikamweleza mpango wote.

Akakaa chini. Akasema, mdogo wangu, mkeo kakuuliza unaonaje, sasa si umwambie tu unavyoona? Nikamjibu kwamba wanawake hawaelewi mikakati. Akanikumbusha kwamba na yeye ni mwanamke, akabeba hotpoti yake, akaondoka. Harufu ilibaki sebuleni saa nzima.

Jioni, simu. Mke wangu anasema kule mvua haikatiki. Anakula peke yake, meza ndogo, dirishani. Akauliza kama nakula vizuri. Nikasema vizuri sana. Wakati huo natazama viatu vyake vya wazi pale mlangoni. Kila Jumamosi navipangusa vumbi. Mwaka mzima sasa. Ningemwambia hilo, lakini mtu mzima unaanzaje kuzungumzia viatu?

Nimempenda mwanamke huyu tangu nikiwa na nywele. Nikamsikia anavuta pumzi kwenye simu, anangoja. Nikamwuliza habari za umeme wa huko.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Ushindi! Kisha aibu.

Nikamdanganya mwokoaji kwamba kocha kanituma kuchukua mapezi ya mpira, yale ya kuvaa miguuni. Nikayavaa, nikajitupa. Niliruka! Mita kumi na tano kwa kufumba na kufumbua! Ila mapezi hayana usukani. Nikaingia njia ya daktari wa meno huku mikono imetanuka, na kiwiko changu kikamkuta mdomoni.

Jino la mbele limekatika kipande. La daktari wa meno! Nikaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Akasema si neno, anamjua mtu.

Kocha akayachukua mapezi. Akaniketisha ukingoni, akaniambia ananitazama tangu Alhamisi na ugonjwa wangu ameujua. Kila nikipiga mkono nainua kichwa kuangalia nani ananiona. Kichwa kikipanda, kiuno kinazama, basi safari imekwisha. Kipepeo, alisema, mtu anakiogelea akiwa amejisahau.

Nikasema nimemwelewa. Nikageuka kuona kama mwokoaji amesikia.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Siku mbili zimebaki. Napiga mikono minne, kisha nanywa maji.

Nimekaa na karatasi. Chini ya maji naweza kwenda mita kumi na mbili bila kuonekana. Mikono minne, mita sita. Jumla kumi na nane. Saba zilizobaki, pembeni yake nimeandika: Mungu.

Kwa tahadhari nikamfuata daktari wa meno. Nikamwomba Jumamosi avae kofia yangu nyekundu, aogelee yeye, mimi nijibanze nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo nijimwagie maji. Mke wangu nitamkalisha mbali. Akauliza kama mke wangu haoni vizuri. Nikasema anaona vizuri mno, ndiyo shida yenyewe. Akakataa kwa upole, jino jipya likimeta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama, nimelala kabisa chini, na cha mvunguni sikioni.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Ameshuka kwenye basi saa nne. Amepungua. Nywele amekata fupi. Nilikuwa nimepanga salamu, sentensi tatu nzuri, zote zikapotea. Nikashika begi lake tu. Sabuni ni ile ile. Nilitaka kusimama pale kituoni na lile begi mpaka watu waishe.

Akasema anatamani kufika nyumbani, avue viatu, tunywe chai. Nikamwambia bwawa linafungwa saa saba. Akanitazama. Akasema sawa.

Akakaa ukingoni. Kocha yupo, mwokoaji yupo, na daktari wa meno, nani alimwalika? Nikajitupa. Chini ya maji nilikwenda mita nane, zile nne nyingine sijui zilikwenda wapi. Nikaibuka. Mkono wa kwanza, mzuri! Niliusikia mwenyewe kwamba ni mzuri, kifua kilitangulia kama alivyosema mama yule. Nikainua kichwa kuona kama ananiona.

Ananiona! Anatabasamu! Basi nikainua tena.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Daktari wa meno ndiye aliyenivuta. Nilipofungua macho mke wangu amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji, na sketi yake ya safari, ananifuta uso kwa taulo, anacheka na machozi yanamtoka. Akaniuliza najitesa kwa nini. Akasema amekaa kwenye basi saa tisa nzima ili asikie neno moja tu kutoka kwangu. Kisha akangoja, mikono yake imeshika taulo kwenye masikio yangu.

Nikamweleza kwamba tatizo ni pumzi ya pili.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Siku nzima pamoja. Chai, mkate, akashona pindo la pazia lililokuwa limefumuka. Nilikaa kwenye kiti nikimtazama anatia uzi kwenye sindano. Sijui kama kuna kitu kingine nataka katika dunia hii.

Saa tisa, kituoni. Mguu mmoja kwenye ngazi ya basi akaniuliza kama kuna lolote. Nikamtakia safari njema. Nikamwahidi akija tena nitamaliza bwawa zima. Akaniangalia kwa muda mrefu, akasema haya, wewe bwana. Akapanda.

Basi lilipopinda kona maneno yakaja yote kwa mkupuo. Nikasema kwa sauti, usiende, rudi nyumbani, siwezi bila wewe. Mama mmoja mwenye mizigo akauliza kama namwambia yeye. Nikaomba radhi.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Amekubali ile kazi. Alipiga jana jioni. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema alingoja mtu amwombe abaki, hakuna aliyemwomba. Likizo ijayo ni Desemba. Nikasema hongera. Hongera! Kisha nikafungua bomba la jikoni, nikalia, maji yakienda bure.

Leo alfajiri nimetafakari kwa makini nilipokosea, na nimepaona. Ni kipepeo! Uso unatazama chini, mtu atamwona mkewe saa ngapi? Mtindo wa mgongo ndio dawa. Unalala chali, unamtazama kutoka ukuta hadi ukuta. Na nina miezi sita!

Nimemweleza kocha. Akaipuliza filimbi yake kutoa maji. Kisha akasema, Bwana Masjala, basi la kwanza la kwenda kwa mkeo linaondoka kila siku saa mbili asubuhi.

Nikamwambia saa mbili haiwezekani. Saa mbili nitakuwa bado mazoezini.