Tambi za Mumunye za Fundi Abbasi

Jumatatu, 3 Machi 1975

Nimepata njia! Fundi Abbasi, mshona nguo wa hapa Ng'ambo, ana kisukari na kitambi. Hospitali wamempa vidonge na kumwambia apunguze vyakula vya wanga. Sasa analilia tambi kama mtoto. Na Abbasi ndiye kaka yake Mwanamkuu ninayetaka kumwoa, ndiye walii wa kumwozesha. Bila neno lake simwoi. Wala Omari wa buchani hamwoi, ingawa kila jioni anapeleka mfupa wa supu kama mwenye nyumba.

Mimi sina mfupa. Nina mmumunye, umetambaa hadi mlango wa choo. Nimekata mamumunye nyuzinyuzi, nikachemsha na iliki. Ukifumba macho, tambi!

Jumatano, 5 Machi

Abbasi amezipenda! Aliuliza kama zina nguvu. Nikamjibu zinashinda za ngano, na redio yenyewe inahimiza mboga. (Redio ilisema mboga pamoja na maharage. Hapo kwenye maharage nilikuwa napiga chafya.) Nimemwagiza asile kitu kingine. Vidonge aendelee navyo.

Leo amepunguza kiuno cha suruali yake mwenyewe. Mwanamkuu kanichekea! Omari kasema namlisha mtu majani ya mbuzi. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mikono ya Abbasi inatetemeka. Sindano imemchoma kidole. Kamfokea mteja bila sababu. Mwanamkuu akanivuta pembeni.

"Mabruki, una hakika kaka anashiba?"

Nikamwambia hayo ni mafuta yanayeyuka. Sikumtazama usoni. 

Jumamosi, 8 Machi

Mungu wangu! Abbasi kaangukia cherehani. Jasho jembamba, maneno yamevurugika, ananiita kwa jina la marehemu baba yake. Nikasimama kama mti, sahani ya tambi mkononi.

"Usimpe hizo!" Mwanamkuu akapiga yowe.

Omari akaja mbio na aproni yake ya damu, akaitisha asali. Abbasi alikuwa bado anaweza kumeza. Wakamlambisha kidogo kidogo. Kisha tukampakia kwenye mkokoteni wa nyama. Omari akavuta, mimi nikasukuma. Kichwa kinayumba huku na huku. Nikawa nasema tu, "Fundi, fumbua macho. Fundi, nakuomba." Hafumbui.

Hospitali, Sista Apolinaria, muuguzi, akauliza amekula nini siku hizi. Nikamweleza. Akasema mumunye ni mboga nzuri, linajaza tumbo, na mwenye kisukari halimdhuru. Ila karibu lote ni maji. Vidonge vinashusha sukari, na mgonjwa hana chakula cha kuishikilia. Alihitaji maharage, karanga, na ugali kidogo.

"Ndugu," akaniambia, "ulimfungisha saumu mtu anayemeza dawa."

Nililia. Kweli nililia, mbele ya Omari! Mwanamkuu akanipa kisogo.

Jumanne, 11 Machi

Abbasi karudi nyumbani, alhamdulillahi. Anakula maharage, ugali kiasi, na mumunye pembeni. Mumunye! Basi nilikuwa sahihi nusu nzima, na hakuna hata mmoja aliyelitaja hilo.

Posa ya Omari imepokelewa. Mimi nimeletewa ujumbe nisikanyage jikoni kwao.

Nilishinda na huzuni mpaka adhuhuri. Ndipo akaja Mzee Mahona wa Isevya, baba yake Maua, binti ambaye bado hajaposwa. Mnene kuliko Abbasi! Magoti yanamlemea. Amesikia Abbasi kapungua. Mengine hakuyasikia, na mimi sikuona sababu ya kumchosha. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Nikamwambia mumunye ni mambo ya kizamani. Siku hizi natengeneza tambi za papai bichi, zina nguvu kama nyama. Sijawahi kuzipika. Akauliza kama Maua aje kuzichukua kila asubuhi. Nikasema aje, aje!

Kaondoka anachechemea, ananiombea dua. Ndipo nikakumbuka sijamwuliza ana maradhi gani.

Ah! Nitamwuliza akishapungua.