Vifaranga wa Siku Tisa

Alhamisi, 4 Julai

Leo nimeandikishwa rasmi kuwa mwanasayansi. Sikuomba. Mwalimu wa sayansi alisimama mbele ya darasa na karatasi yake, akasema mashindano ya sayansi ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 13, na kila mradi ni wa watu wawili. Kisha akaniangalia mimi, darasa zima lipo lakini mimi tu. Akasema mtu anayesoma kidato cha pili kwa mara ya pili hana tena uwanja wa kupigia chenga.

Kumbe yeye na baba wamekwisha kaa kikao. Baba ni fundi wa makochi. Alinieleza msimamo wake huku misumari ikiwa mdomoni, kwa hiyo nilielewa nusu, lakini nusu ilitosha. Nikirudi mikono mitupu tarehe 13, muhula ujao shule basi. Nitakuwa karakana nikipigilia vitambaa. Kazi sikatai. Ila karakana hakuna wa kumringia. Makochi hayapigi makofi.

Mshirika niliyepewa ni Kimya. Anaitwa hivyo kwa sababu ndivyo alivyo. Mpinzani wangu ni Profesa, msichana wa dawati la mbele, ambaye anachuja maji machafu kwa mchanga na mkaa tangu mwezi wa tano. Mwezi wa tano! Mtu mwenye kipaji haanzi mapema hivyo.

Mradi wangu ni mashine ya kuangulia vifaranga. Wazo ni langu mwenyewe, nimelitoa kwenye kitabu cha maktaba. Profesa aliposikia akataka kujua kama mashine hiyo itaatamia na ripoti yangu ya mtihani.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza bibi, mama yake baba, anayefuga kuku nyuma ya nyumba, yai huchukua siku ngapi. Ishirini na moja. Nikauliza kama hakuna njia ya mkato. Akasema hata mimi anashuku niliepuliwa jikoni kabla sijaiva, na matokeo anayaona.

Siku zilizobaki: tisa. Haraka haraka haina baraka, wanasema. Waliosema walikuwa na muda.

Ijumaa, 5 Julai

Mashine tayari, ipo sebuleni kwetu! Katoni ya runinga, magunia mawili ya kuzuia baridi, bakuli la maji, kipimajoto cha maabara, balbu moja. Balbu nimechagua ile nyeupe ya kisasa isiyokula umeme. Mimi ni mtu wa maendeleo. Mayai sita nimenunua dukani, yote makubwa, yote safi.

Masharti yanataka daftari la vipimo. Joto liandikwe kila siku, asubuhi na jioni. Nasikia majaji wanalipenda daftari kuliko mradi wenyewe. Sasa nikipeleka vipimo vya siku tisa wataniuliza yai gani hilo. Nikaketi baada ya chai nikaandika siku zote kwa mkupuo mmoja, kuanzia tarehe 22 Juni hadi Jumamosi ya mashindano. Nyuzi 37, 38, 37, 37 na nusu. Nimetumia kalamu tatu. Ukurasa mmoja nimeudondoshea chai ili daftari lionekane limeishi. Wenzangu wanapima joto. Mimi naliagiza.

Kimya akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Akauliza swali moja: kama vipimo vimeshaandikwa, sisi tunapima nini? Nikamwambia asilete uchuro. Akatoa kijidaftari chake mfukoni, akachungulia kipimajoto, akaandika kitu. Nimemwacha. Kila mtu ana namna yake ya kucheza.

Jumapili, 7 Julai

Balaa! Bibi amekuja kuiona mashine, akaokota yai moja, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema mayai ya dukani hutagwa na kuku wasiojua jogoo ni nini. Nitayakalia mpaka niote ndevu, hayatatoa hata manyoya. Kimya akaandika.

Lakini kichwa changu hakilali. Bibi ana kuku anayeatamia mayai tisa bandani. Tunamwita Askari kwa ukali wake. Na hesabu za bibi si za kalenda. Ana kopo juu ya kiota, na kila asubuhi hudumbukiza punje moja ya mahindi. Punje zikifika ishirini na moja, vifaranga hao. Mpango ni rahisi. Nihesabu punje, nijue siku, na asubuhi ya siku yenyewe niyahamishie mayai kwenye katoni. Yataanguliwa mbele ya majaji!

Nikaingia bandani. Askari akanidonoa kiganja, nikaangusha kopo. Punje zikatawanyika chini. Nikaziokota upesi kadiri nilivyoweza, huku jogoo akinisaidia kusafisha sakafu. Nikahesabu. Kumi na tano! Leo tarehe 7 ni ya kumi na tano, Jumamosi tarehe 13 ni ya ishirini na moja. Barabara! Hata hesabu, somo lililonikataa tangu utotoni, leo limenipigia saluti.

Baadaye bibi akachungulia kopo, akasema mbona alidhani zimefika kumi na nane. Nikamwambia pole, bibi, ni umri.

Jumanne, 9 Julai

Siku ya kazi za pembeni. Profesa ameweka maabara ndoo ya maji machafu atakayochuja mbele ya majaji. Nikaona hayajachafuka vya kutosha kumwaibisha. Nikamwongezea tope la mtaro, majivu, na soksi. Soksi nikaitoa baadaye, ni ya michezo, nina moja tu.

Kurudi nyumbani kwenye mashine nikamkuta Kimya amening'iniza balbu nyingine, ile ya zamani yenye waya mwekundu ndani, ameiazima kwa mjomba wake kinyozi. Akanionyesha kipimajoto. Nyuzi 37. Akasema ile nyeupe niliyoiweka mimi, siku nne mfululizo haijavuka 24. Inatoa mwanga bila joto. Nikamwambia nilikuwa najua, nilitaka kuona kama yeye atagundua. Akaniangalia muda mrefu. Kimya akiangalia muda mrefu ni kama mtu mwingine ametukana.

Mwalimu akapita nyumbani kumwona baba, akauliza maendeleo. Nikajibu kabla Kimya hajafungua mdomo, ingawa hakuwa na mpango huo.

Jumatano, 10 Julai

Nimeamshwa na sauti ya bibi akiita watu waje waone. Nikatoka mbio. Askari amesimama katikati ya uwanja, kifua mbele, na nyuma yake vifaranga tisa.

Tisa! Leo! Jumatano!

Bibi akasema alijua, kopo limepungukiwa, na punje za mahindi hazina miguu. Akamtazama jogoo. Jogoo akatazama pembeni. Nimeyajua mambo yote kwa dakika moja, nikakaa chini kwenye ndoo. Siku tatu kabla ya wakati. Nimewaza karakana, nimewaza misumari mdomoni, nimewaza Profesa akipita mlangoni kuulizia bei ya kochi.

Kisha nikaona maganda kiotani. Maganda matupu, mazuri, yamepasuka vizuri kabisa. Nikayatia mfukoni. Nani amesema mashine lazima iangue? Inatosha mtu akifunua akute ganda na kifaranga pamoja.

Ijumaa, 12 Julai

Mazoezi. Kifaranga wa siku mbili haingii tena kwenye ganda. Nimejaribu watatu. Ni kama kumrudisha mtu mzima kwenye mbeleko. Anaingiza kichwa, mwili unabaki nje, halafu anakula ganda.

Basi watalala kando ya maganda. Jaji yupi ataomba cheti cha kuzaliwa?

Nimemweleza Kimya mpango wote. Akasema huo si mradi, ni wizi wa kuku. Nikamwambia ni kuazima, na kwamba yeye hana cha kupoteza ila mimi ninapelekwa karakana. Akasema ataleta kijidaftari chake. Nikasema asante, kitafaa kuzuia meza isicheze.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika kwa utulivu. Nitaeleza kama ilivyokuwa.

Asubuhi bibi alipoenda bombani nilichukua vifaranga wanne, nikawatia katoni pamoja na maganda badala ya mayai, tukaibeba na Kimya hadi shuleni. Bwalo la shule lilijaa meza. Baba alikuja na aproni yake ya kazi, akakaa nyuma, mikono kifuani. Mradi wa Profesa ulikuwa meza ya jirani. Akamimina maji yake, meusi kama kahawa kwa juhudi zangu, yakatoka chini meupe pe. Watu wakashangilia. Jaji mmoja akasema hajawahi kuona shule ikithubutu kuchuja maji machafu kiasi kile. Profesa akanikonyeza. Nahisi soksi iliacha ushahidi.

Wakaja kwetu. Jaji mkuu ni mama mmoja mwenye miwani. Akajitambulisha. Daktari wa mifugo! Kati ya taaluma zote duniani!

Akafungua daftari langu, akalisifu kwa unadhifu. Nikainama kidogo. Akageuza ukurasa, akauliza tarehe 31 Juni ilikuwaje. Nikajibu ilikuwa siku nzuri sana, joto lilitulia. Bwalo likaanza kunong'ona. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayempima ng'ombe: mwezi wa sita una siku ngapi? Nikasema inategemea mwaka.

Akafunua katoni. Vifaranga wakainua vichwa. Akauliza wameanguliwa lini. Nikasema leo alfajiri, mmoja labda bado ana usingizi. Akamchukua yule mwenye usingizi, akakunjua bawa lake, akaonyesha manyoya yanayochomoza. Akasema mtoto huyu ana siku tatu, na ameshakula mahindi, kwa sababu mahindi hayo hapo yametoka upande wa pili.

Nilikuwa nimeandaa jibu. Halikutoka, maana mlangoni aliingia bibi, Askari kwapani. Akatangaza kwa bwalo zima kwamba mama wa watu analia tangu asubuhi, na mwizi wa watoto anamjua kwa meno, kamnywesha uji mwenyewe. Askari akatoa mlio mmoja tu. Vifaranga wote wanne wakaruka kutoka kwenye katoni, wakapita juu ya daftari langu, wakamkimbilia. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa anafunga aproni.

Ndipo jaji akamgeukia Kimya, akamuuliza kama naye ana la kusema. Kimya hakusema. Akampa kijidaftari. Jaji akasoma kwa sauti. Tarehe 5, balbu nyeupe, nyuzi 24. Tarehe 6, nyuzi 24. Tarehe 7, bibi anasema mayai haya hayana jogoo. Tarehe 9, balbu ya zamani, nyuzi 37. Tarehe 11, nimeongeza maji, hewa ndani si kavu tena. Ukurasa wa mwisho: tarehe 13 asubuhi, mwenzangu ameingiza vifaranga wanne wa bibi yake, joto limepanda nusu nyuzi.

Jaji akavua miwani, akasema hili ndilo daftari la kwanza leo linalokiri kushindwa na kueleza sababu. Wakajadiliana. Profesa wa kwanza. Wasichana wa jiko la jua wa pili. Sisi wa tatu, kwa kupima balbu mbili na kuandika ukweli.

Wa tatu! Cheti kina majina mawili, na moja ni langu.

Jumapili, 14 Julai

Hukumu zimetoka, zote kabla ya chai.

Baba amekisoma cheti mara mbili, mbele na nyuma, akasema mikono si mitupu, ila imejaa jasho la mtu mwingine. Narudi shule muhula mmoja. Kila Jumamosi niko karakana. Mwalimu ametuma ujumbe kwamba nitakaa dawati moja na Kimya na sitaandika kipimo chochote bila yeye kuona. Bibi naye amenipa kopo. Kuna kuku mwingine ameanza kuatamia, na siku ishirini na moja nitadumbukiza punje mwenyewe, kila asubuhi, mbele yake. Jogoo amefungwa.

Nimekubali yote. Nimemwendea Kimya kumshukuru. Nikamwambia ile nusu nyuzi ndiyo iliyotupa ushindi, na nusu nyuzi ilikuwa yangu. Akacheka! Nimemsikia kwa masikio yangu. Akasema huenda vifaranga wangekuwa kumi ningekuwa wa kwanza. Kimya ana ulimi, watu hawajui.

Jana jaji alinipa zawadi ya peke yangu, daftari jipya gumu, tupu. Akanisihi, mwanangu, humo andika tu kile ulichokiona kwa macho yako.

Mama mwema. Nimelianza leo leo, nisikimbizane na muda kama mwaka huu. Punje zote ishirini na moja za bibi nimeshaziandika, asubuhi kwa asubuhi. Kisha nikavuka mwaka, nikaweka na vipimo vya mashindano yajayo, nyuzi 37, 37 na nusu, kalamu nne safari hii. Na tarehe nimeziangalia vizuri sana. Juni imeishia thelathini.

Na Februari nimeipa thelathini pia, isije ikaona wivu.