Moyo wa Ng'ombe na Vitoto Tisini

Jumapili, 16 Juni

Vimepanda! Vitoto vya samaki wangu wa diskasi, kama tisini hivi, vimeacha chungu vilimototolewa na kujibandika ubavuni mwa baba yao. Vinanyonya ute wa ngozi. Hii ni mara ya nne najaribu. Mara tatu zilizopita wazazi walikula mayai mchana kweupe, mimi nikitazama. Leo nimekaa mbele ya tangi tangu saa moja asubuhi. Kahawa imepoa. Nusura nilie.

Guat Choo, mke wangu, alichungulia mlangoni. Akasema ni wazuri. Kisha akanikumbusha tulivyokubaliana: hawa nao wakifa, tangi linauzwa, na chumba cha nyuma kinakuwa cha mama yake, anayekuja kutoka Taiping mwisho wa mwezi. Nikasema hawatakufa. Akasema hata mwaka jana nilisema hivyo hivyo.

Jumatatu, 17 Juni

Swee Hin, jirani wa mkono wa kushoto, kaniita nikaone vya kwake. Mia na hamsini! Vinene! Nikamuuliza siri. Akajifanya hataki kusema, kisha akasema yote. Wazazi hulishwa moyo wa ng'ombe, uliosagwa laini na kugandishwa. Ute unakuwa mzito kama uji wa mgonjwa.

"Jirani, ukiwalisha wazazi hivyo vidudu vya kopo," akasema, "watoto watanyonya hewa tu."

Nilicheka kwa adabu. Nilitamani kumtumbukiza kwenye tangi lake.

Shida ni moja. Guat Choo anamwabudu Kuan Im, mungu wa kike wa huruma, ambaye waumini wake hawali ng'ombe, na nyama ya ng'ombe haijavuka kizingiti cha nyumba hii kwa miaka thelathini na moja. Hata supu nikila nje, nasukutua kabla ya kuingia. Lakini mama mkwe naye ni mama mkwe. Nikaenda soko la Air Itam, nikanunua moyo mmoja. Guat Choo alikuwa kwa mshonaji. Nikausaga kwa blenda yake, nikaujaza kwenye kopo tupu la aiskrimu, nikalisukuma mwisho kabisa wa friza. Blenda nikaiosha mara tatu. Nilimwomba Kuan Im radhi, nikiwa nimeipa mgongo sanamu yake.

Jumanne, 18 Juni

Ajabu! Wazazi wanaugombea moyo. Ute unaonekana kwa macho. Vitoto vina matumbo. Maji yameingia ukungu kidogo na viwili vimekufa, lakini hayo ni mambo madogo. Nimebadilisha maji mara mbili.

Guat Choo alinusa blenda. Akasema ina harufu. Nikasema vitunguu. Alinitazama muda mrefu, akasema sawa. Mchana akaenda mjini, akarudi na boksi kubwa ndani ya mfuko, akaliingiza chumbani moja kwa moja. Viatu, bila shaka. Sikuuliza. Mwenye siri haulizi maswali.

Jumatano, 19 Juni

Balaa! Nimetazama kalenda ya ukutani. Kesho ni tarehe kumi na tano ya mwezi wa Kichina, siku ya kutokula nyama. Guat Choo na mabibi wawili wa hekaluni watapika tambi za watu arobaini. Pilipili itasagwa hapa kwetu. Kwa blenda!

Nimeiosha tena kwa sabuni. Kwa ndimu. Kwa chumvi. Bado nikiinusa namsikia ng'ombe. Watu arobaini, wengine hawajaonja nyama ya aina yoyote tangu ujana wao, wale pilipili ya moyo kwa sababu yangu? Nisiposema, nimewanajisi. Nikisema, tangi limekwenda.

Nimefikiria kuivunja. Haifai. Ataazima ya mke wa Swee Hin, na Swee Hin atataka kujua yangu imevunjikaje. Nimewaza mchana kutwa. Jibu limepatikana: blenda bila umeme ni jagi.

Alhamisi, 20 Juni

Saa mbili asubuhi mabibi walifika na pilipili zao. Guat Choo alipokwenda kutafuta aproni, nikazima swichi kuu. Nikatokea jikoni nikisikitika. Nikasema umeme umekatika mtaa mzima, na kwamba tungesaga kwa kinu kama wazee wetu, tena pilipili ya kinu ni tamu zaidi. Mabibi wakatazamana.

Hapo redio ya Swee Hin ikaanza kuimba upande wa pili wa ukuta. Kwa sauti ya juu! Naye mwenyewe akatokea dirishani kuomba ndimu. Nikamuuliza kwa jicho kali kama kwake pia umeme umekatika.

"Kwangu upo," akasema. "Njia ya mwongo fupi, jirani."

Ndipo nikakumbuka. Chumba cha nyuma, lilimo tangi, hakina dirisha.

Nilikimbia na tochi. Pampu ya hewa kimya. Giza. Vitoto vilikuwa vimepoteza wazazi, vingine vimejibandika kwenye chujio, vinanyonya sifongo. Baba yao alikuwa anazunguka kama mwehu, na kila mwanga wa tochi ukimpiga anashtuka na kumeza. Anameza watoto wake! Nilimwona akimeza vitatu. Kurudisha umeme ni kusaga pilipili. Kutorudisha ni hivi nilivyoona. Nikasimama pale, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nadhani nilisimama dakika tano. Naona aibu kuandika, lakini zilikuwa dakika tano.

Taa ikawaka. Guat Choo alikuwa ameifuata swichi mwenyewe. Nikasikia jikoni kifuniko cha blenda kikifunguliwa, nikapiga kelele asisage, asisage, nimesagia moyo wa ng'ombe! Nyumba nzima ikasikia. Redio ya Swee Hin ikapunguzwa.

Guat Choo akaja mlangoni. Mkononi alikuwa na blenda mpya, bado ina karatasi ya dukani.

"Ile yako iko chini ya sinki, Baba Hooi Ling," akasema. "Nimejua tangu juzi. Nani anaficha aiskrimu nyuma ya samaki? Nilinunua hii, nikakaa nangoja useme."

Basi giza lote lile lilikuwa la bure. Hakuna aliyetaka kuigusa ile blenda. Nilitaka sakafu inimeze kama baba diskasi.

Yeye ndiye aliyeleta kigoda. Yeye ndiye aliyetandika taulo juu ya tangi ili baba mtu atulie. Pilipili zikangoja. Tukakaa wawili mpaka vitoto vikaanza kurudi ubavuni, kimoja kimoja. Nikahesabu. Hamsini na kitu. Nikasema basi, namwandalia mama yake chumba. Akasema vitoto havina kosa, havikununua moyo. Vitakaa, na mama yake atalala chumba cha mtoto wetu Hooi Ling. Sharti moja tu: nyama ya ng'ombe isiingie tena humu. Nikakubali. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta. Sijawahi kumpenda mtu hivi.

Jumamosi, 22 Juni

Vitoto hamsini na sita, vyote hai. Ila vinakonda. Swee Hin anasema vyake sasa vina ukubwa wa mbegu ya tikiti, akanionyesha kwa kidole, taratibu, ili nione vizuri.

Nimetafakari sana yaliyotokea Alhamisi. Kosa langu nimeliona wazi: kopo la aiskrimu. Mtu yeyote angelifungua.

Moyo mpya, nusu kilo, uko ndani ya pakiti ya tofu ya soya iliyogandishwa, nimeibandika upya kwa pasi. Guat Choo hagusi tofu ila tarehe mosi na kumi na tano za mwezi wa Kichina, siku za kutokula nyama. Hiyo tarehe mosi yao bado wiki mbili nzima.