Moyo wa Mama Mkwe Chini ya Shuka

Jumatatu, 4 Machi
Cheo cha msimamizi wa chumba cha eko kiko wazi! Humo ndimo tunamopiga picha za moyo, nami nimekitumikia chumba hicho miaka tisa. Daktari mkuu amesema atakayeleta kasoro ya moyo yenye mafunzo kuliko zote kwenye kikao cha Ijumaa ndiye atakayepewa. Mshindani wangu ni mmoja: dada mmoja tunayemwita Miwani. Leo kagundua tundu dogo kwenye moyo wa kichanga. Tundu lenyewe mimi nililipita jana nikidhani ni vumbi la skrini. Wote wakampongeza. Nami nikampongeza, shingo upande.

Jumanne, 5 Machi
Wagonjwa kumi na mmoja. Mioyo yote mizima! Nimefurahi kwa ajili yao, lakini si wangechagua wiki nyingine? Jioni mama mkwe kaja kutusalimia. Kasimama mara mbili kwenye ngazi zetu kuvuta pumzi. Akasema siku hizi ngazi zinamshinda. Nikamwambia ni umri tu, mama. Kisha wazo likanijia. Mbona sijawahi kuutazama moyo huu?

Jumatano, 6 Machi
Mama mkwe kakubali kupimwa, kwa masharti mawili: shuka lisiondoke kifuani, na mimi nisimtazame. Hata bila kuambiwa nisingethubutu! Mke wangu kauliza kwa nini mama asipimwe na Miwani, mwanamke mwenzake. Haielewi vita hii. Basi tukaingia chumba cha eko, mke wangu kashika shuka. Mimi nimegeuza uso, naona skrini tu, mkono uko chini ya shuka na probu, kile kifaa cha kupigia picha kifuani, chenye jeli, unakisia mbavu. Mama mkwe akalalamika kwamba jeli ni ya baridi.
Ndipo nikaona. Vyumba vya moyo vimebadilishana mahali! Cha kushoto kipo kulia, cha kulia kipo kushoto. Kasoro ya kuzaliwa nayo, adimu, ya vitabuni! Nikapiga yowe. Mama mkwe naye akapiga yowe.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemweleza mama mkwe hali yake. Kakasirika. Kasema moyo wake umelea watoto saba na haujawahi kukaa upande usio wake. Nikamtuliza kwamba kesho madaktari wote watauona. Akauliza kama ndiyo sababu ya kuishiwa pumzi kwenye ngazi. Nikamwomba tusitoke nje ya mada. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Machozi karibu yanitoke, jinsi ilivyo nzuri.

Ijumaa, 8 Machi
Sitaki hata kuandika. Ila naandika.
Nimeonyesha picha, mama mkwe akiwa kiti cha mbele, mashine ya eko pembeni. Madaktari wakainama mbele kutazama. Nikajua wamestaajabu. Kisha Miwani akauliza, kwa adabu kabisa, alama ya probu ilikuwa imeelekea wapi. Hilo tunafundishwa siku ya kwanza: ubavuni mwa probu kuna alama ndogo, na ukiishika kinyume picha yote hugeuka, kulia kukawa kushoto. Chini ya shuka ningeionaje? Ukumbi ukaangua kicheko. Daktari mkuu akafuta macho kwa tai yake.
Miwani akamchukua mama mkwe nyuma ya pazia, akampima upya. Moyo ukarudi mahali pake. Wakacheka tena. Ila Miwani hakucheka. Akamwita Daktari. Vali inayopitisha damu kwenda mwilini imekakamaa, inafunguka kidogo mno. Daktari akamuuliza mama mkwe kama ngazi zinamsumbua. Mama mkwe akajibu kwamba Jumanne alimwambia mtu fulani.
Nilitamani ardhi ipasuke. Picha ile nimeikodolea macho siku mbili nzima na vali sikuiona. Nampenda mama huyu, na leo nimeogopa sana. Lazima afanyiwe upasuaji, tena haraka. Cheo kapewa Miwani.

Jumatano, 20 Machi
Mama mkwe kawekewa vali mpya! Anakaa, anakula, anawaamrisha wauguzi. Kamshika Miwani mkono, kamshukuru mpaka mwenyewe akaona haya. Kisha akanigeukia, akasema hana kinyongo, ila nijifunze kumsikiliza mtu akisema. Nimelia kidogo. Nimeahidi mbele ya mke wangu kwamba kuanzia leo nitamsikiliza mgonjwa kwanza, mashine baadaye.
Nikitoka wodini nikapishana na kijana aliyekuja kumwona shangazi yake. Kucha zake, Mungu wangu! Za bluu, zote kumi! Kucha za bluu ni dalili ya moyo wenye kasoro, na Miwani kapita mbele yake asigeuke hata kidogo. Nimemwandikia kipimo kesho saa mbili asubuhi. Anashikilia kwamba yeye ni fundi rangi na jana alikuwa anapaka geti. Maskini, hajui kinachomsibu.