Dirisha la Daktari Kiuno

Walimwita Daktari Kiuno, ingawa udaktari wake aliupata siku aliyonunua koti jeupe. Alipokiona chumba kile juu ya duka la magodoro, moyo ulimruka. Kilikuwa na ukuta wa mbao zenye nyufa, jiko dogo nyuma yake, na kidirisha cha kutorokea. Akakijaribu papo hapo, akapita bila kugusa fremu.

Mpango wenyewe mwepesi. Mnene aweke rehani kitu cha thamani. Akipungua kilo tano kwa mwezi, anarudishiwa na kingine kama hicho juu yake. Asipopungua, kwaheri. Watu wazima wenye akili zao wakapanga foleni, kila mmoja akijiona mjanja kuliko daktari. Mwalimu mstaafu alileta saa ya dhahabu. Fundi cherehani alileta bangili ya marehemu mama yake.

"Usiipoteze, Daktari. Ndiyo kumbukumbu pekee niliyonayo."

"Dada yangu, hapa ni benki."

Benki gani! Kila jioni, wateja wakiruka na kuhema kwenye mazoezi, yeye nyuma ya mbao alikaanga vitunguu na nyama, akaelekeza feni kwenye nyufa.

"Daktari, mbona njaa inaniuma na nimekula sasa hivi?" aliuliza mwalimu.

"Mafuta hayo, mzee. Yanaaga."

Na mzee mzima, aliyefundisha watoto miaka thelathini, akakubali! Wakitoka pale walikwenda mbio kwenye vibanda vya chakula, kisha wakajilaumu kwa kukosa msimamo.

Lakini mpishi naye ana pua. Kipande cha kuonja, kipande cha kuhakikisha, mara sufuria tupu. Suruali ikagoma kufunga. Na bingwa huyu wa akili akaipeleka kwa nani? Kwa fundi yule yule! Fundi akaitanua inchi mbili. Wiki mbili baadaye, mbili tena. Safari hii akainusa: vitunguu na nyama.

Siku ya mizani wote walikuwa wameongezeka. Daktari akavaa uso wa msiba, akasema anafuata daftari. Nyuma ya mbao akakumbatia mfuko wa rehani, akatanguliza miguu dirishani. Miguu ikapita. Makalio yakapita kwa taabu. Tumbo likakataa katakata.

Alipoinua macho, fundi alikuwa mbele yake, tepu shingoni, na darasa zima nyuma yake.

"Suruali nimekutanulia inchi nne, Daktari. Dirisha sasa nalitanuaje?"

Akamnyang'anya mfuko, akavaa bangili yake, akaibusu huku machozi yakimlenga. Mwalimu akataka polisi waitwe.

"Wataitwa, mzee. Tule kwanza."

Fundi akawasha jiko, akamwaga vitunguu, akatupia nyama, akaigeuza feni kuelekea dirishani. Wakala kwa mikono, wamesimama, wakilamba vidole bila haya.

"Jamani, nihurumieni!" Daktari akalia.

"Tukuvute?" akauliza fundi.

Daktari akatazama sufuria, akameza mate.

"Baadaye. Kwanza nipeni hata mkate nichovye."