Mémoire ya Brigitte na Ubongo Uliotoka Sakania

Alhamisi, 3 Aprili 1997

Siku kubwa! Ubongo umefika. Namaanisha prosesa, ile chembe ya kompyuta inayofikiri. Musonda, mchuuzi wa vitu vya magendo, ameileta kwa treni kutoka Sakania, mpakani, imefungwa ndani ya soksi. Anaapa kwamba inakimbia mara nne zaidi ya ile yangu ya zamani. Nimembadilishia kwa redio yetu. Mke wangu Brigitte hajajua bado. Vita viko mbali, redio ya nini?

Chanzo ni Paulin. Anakaa ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli, na mashine yake ya kuandikia ya wakati wa Wabelgiji. Mimi ndiye mwenye kompyuta peke yangu katika mtaa huu wote. Mimi ndiye mwenye kibao SECRÉTARIAT PUBLIC MODERNE, ofisi ya kisasa ya kuchapia watu barua. Na bado watu wanapanga foleni kwake! Jana nilimsikia akimwambia mteja kwamba kompyuta yangu ukiiwasha asubuhi inaamka mchana. Mteja alicheka mpaka akashika mbavu.

Ndani ya kompyuta kuna kazi moja tu ya maana: mémoire ya Brigitte, kitabu chake cha kumalizia masomo ya historia. Kurasa mia na kumi na mbili juu ya wanawake wa kambi ya reli. Miaka tisa! Mara chuo kilifungwa, mara walimu waligoma, mara alifundisha shule ya msingi bila mshahara. Aliwahoji mabibi wazee, na nusu yao wamekwisha kuzikwa. Profesa wake anaipokea mpaka Ijumaa tarehe 25. Baada ya hapo anaondoka nchini, hajui kama atarudi.

Brigitte anauliza kila siku kwa nini nisichape. Utepe wa printa umekauka, na sehemu ya kuingizia disketi imeharibiwa na mende tangu mwaka juzi. Nimemwambia asubiri. Utepe utapatikana, na kwa ubongo mpya kurasa zitamwagika.

Ijumaa, 4 Aprili

Ubongo wa zamani ulikataa kutoka. Niliung'oa kwa kisu cha kupakia siagi. Chini una miguu mingi, zaidi ya mia, myembamba kama sindano. Michache imepinda. Si neno, siuhitaji tena.

Mpya unaweza kuingia kwa pande zote nne. Kwenye kona moja una kidoa cheupe, urembo tu. Nikauweka maandishi yakinitazama mimi, ili niyasome vizuri. Napenda mpangilio. Kulikuwa na betri ndogo pembeni, nikaitoa ili vidole vipate nafasi.

Nikawasha. Kimya. Halafu moshi mwembamba, na harufu ya beignet, andazi lililosahauliwa kwenye mafuta.

Brigitte aliuliza kutoka jikoni ni nini kinaungua. Nikamwambia ni kwa Paulin.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwomba Mungu kwenye misa zote mbili. Niliporudi nikajaribu kuurudisha ubongo wa zamani. Hauingii! Miguu mitano imelala kabisa. Nimechukua sindano ya Brigitte ya kushonea na kuanza kuinyoosha. Sasa imelala saba.

Brigitte anatafuta redio. Watu wanasema waasi wamekaribia, matajiri wa mtaa wa Golf wamekwisha kupakia magari na kukimbilia Zambia. Nimemwambia redio iko kwa fundi. Majirani wote wanasikiliza habari kwa Paulin. Anaongeza sauti makusudi, nina hakika.

Jumatano, 9 Aprili

Mji umeanguka. Risasi tangu alfajiri. Tulilala chini, Brigitte akishika rozari, mimi nikishika ubongo. Alitaka kujua ni nani wanaopiga na wamefika wapi. Bila redio nitajuaje? Ilibidi nimwite Paulin kwa kupiga kelele dirishani. Akanitangazia habari zote, kwa raha yake, kana kwamba ni yeye aliyeuteka mji.

Askari mmoja wa serikali ya zamani alipita nyuma ya nyumba, akavua magwanda na kuomba shati. Nilimpa lile la mistari. Mchana watu walimwagika barabarani kwa nyimbo na majani ya mti mkononi. Wote wanalia kwa furaha. Mimi nalia pia. Mguu mmoja wa safu ya pili unakaribia kukatika.

Ijumaa, 11 Aprili

Askari wapya wamekuja kwangu, wa buti za mpira. Wamesoma kibao. Wanataka tangazo la kurudisha silaha, nakala hamsini, haraka. Nilisema kompyuta inapumzika. Mkubwa wao aliitazama, akanitazama, akauliza kama mashine nayo inachoka. Kisha wakavuka barabara.

Paulin amechapa kutwa nzima. Tangazo lake limebandikwa mpaka kwenye ukuta wangu!

Jumamosi, 12 Aprili

Siku mbaya kuliko zote. Naandika nikiwa chooni, ndipo mlango unafungika.

Lazima nieleze. Brigitte aliandika mémoire yake kwa mkono. Mimi nikaiingiza kwenye kompyuta, ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa niliomaliza niliuona hauna kazi tena, maana kompyuta haisahau. Kwa hiyo nilikuwa nampa mama Kasonde, yule anayeuza karanga kwenye kona. Anakata karatasi, anafunga karanga, na mimi ananifungia moja ya bure. Secrétariat zote zinafanya hivyo. Lakini secrétariat zote hazina mke kama wangu.

Leo Brigitte alinunua karanga. Akala. Akafungua karatasi. Akasoma.

Akiniita Liévin, mambo ni salama. Akiniita Monsieur Liévin, nimekwisha. "Monsieur Liévin, hii ni mukono ya nani?" Mwandiko ulikuwa wake. Sura ya tatu, yale aliyosimuliwa na bibi yake mzaa mama kabla hajafa.

Aliniburuta mpaka kwa mama Kasonde. Yule mama akaninyoshea kidole, akajibu bila hata kutikisika: "Papa njo alinipatiaka. Kila juma!" Zimebaki karatasi kumi na moja, zote zina mafuta. Nyingine zimekwisha kuliwa na mji mzima.

Brigitte alivuta pumzi. Akasema, kwa upole ulionitisha, kwamba si neno, kila kitu kiko ndani ya kompyuta. Niwashe.

Nikamwambia. Yote. Hata redio.

Jumatatu, 14 Aprili

Hanisemeshi. Jana alirudi kwenye kambi ya reli kutafuta mabibi aliowahoji. Amewapata watatu. Mmoja amepoteza kumbukumbu, wa pili anataka kusimulia habari za vita tu, wa tatu alimuuliza kwa nini anauliza tena, mara ya kwanza hakusikia?

Alikaa kitandani na kulia bila sauti. Nilisimama mlangoni. Sikujua miguu niipeleke wapi. Nina haya.

Jumatano, 16 Aprili

Nimevuka barabara. Hatua kumi na sita. Sitaki kuandika zaidi.

Basi, niandike. Brigitte ndiye aliyeniamuru. Paulin kila siku ananyoosha vyuma vidogo vya mashine yake, herufi zikigongana. Ana koleo nyembamba na mkono usiotetemeka. Nilimwekea ubongo wa zamani mezani. Aliugeuza, akauliza: "Njo hii ordinateur ya moderne?" Alimaanisha kompyuta yangu ya kisasa, na wateja watano walikuwepo. Watano!

Alifanya kazi saa nzima, miwani puani, akipiga mluzi. Mguu baada ya mguu. Ule wa safu ya pili aliushika kama mtoto mchanga, na haukukatika. Kisha akaniuliza kidoa kilichoko kwenye kona, kama kile cha ule mpya, ni cha nini. Nilijibu ni urembo. Aliinuka. Akaja mwenyewe kwangu, akatafuta alama kama hiyo kwenye kompyuta, akaikuta, akaweka kona kwa kona. Uliingia bila nguvu. Hakutaka chochote. Alisema ni kwa ajili ya mama Brigitte. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 18 Aprili

Umeme uliokatika tangu juzi umerudi leo. Nikawasha. Imelia! Taa imewaka! Nikaruka na kumkumbatia Brigitte, naye akakubali kwa muda mfupi.

Kisha maneno kwenye kioo: haina disque, ile sehemu inayotunza maandishi yote. Inasema haijui kama ina disque! Mémoire iko ndani ya disque! Nilikaa chini, sakafuni. Nilimwambia Brigitte anisamehe, tuhamie kijijini Kinsevere tukalime mihogo.

Yeye hakukaa chini. Alichukua taa ya mkononi, akainamisha kichwa ndani ya sanduku, akauliza betri iko wapi. Ilikuwa kwenye mfuko wa suruali yangu. Akairudisha. Kisha akasema kwamba disque ina karatasi iliyobandikwa, na karatasi ina namba tatu. Je, niliwahi kuisoma? Nani anasoma karatasi ya disque! Ilipotoka betri kompyuta ilisahau namba zake, ndiyo hivyo tu. Akaniandikisha moja moja, nikabonyeza.

Mémoire imetokea. Kurasa zote mia na kumi na mbili. Brigitte aliweka kiganja chake kwenye kioo na kusoma jina la bibi yake kwa sauti.

Jumatatu, 21 Aprili

Utepe wa printa haupatikani, maduka yamefungwa. Nilisema tungoje. Brigitte akasema hangoji kitu kwangu tena maisha yake yote.

Sasa Paulin yuko kwangu! Mashine yake iko juu ya meza yangu. Brigitte anasoma kwenye kioo, Paulin anachapa, tak tak tak kutoka asubuhi. Mimi kazi yangu ni kugeuza ukurasa. Kila ukurasa unachukua dakika nzima kutokea. Wakati huo wote wanaongea. Wanacheka. Leo Paulin alimwuliza kama bibi yake mzaa mama alikuwa mpishi mzuri. Inamhusu nini?

Alhamisi, 24 Aprili

Wamefika ukurasa wa themanini na saba. Profesa anapokea kesho saa mbili asubuhi. Zimebaki kurasa ishirini na tano, na hitimisho lote limo humo. Brigitte anasema ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Leo ameniita Liévin. Mara mbili!

Lakini kabla ya chakula Paulin alijinyoosha, akasema kwamba yeye anachapa ukurasa mzima na bado kompyuta inatafuta unaofuata. Brigitte alitabasamu. Nimeliona lile tabasamu.

Wamekwenda nyuma kula bukari, ugali wetu. Wameniita, nimesema sina njaa. Nina nusu saa.

Nimejifunza, nakiri. Sifungui sanduku tena. Sigusi ubongo, sigusi betri, sigusi kitu kwa mikono. Safari hii napitia ndani. Kuna programu moja ambayo sijawahi kuitumia, inapanga upya kila kitu kilichomo kwenye disque ili mashine ikimbie. Inachukua vipande vyote, inavitoa mahali pake, inavirudisha kwa utaratibu. Brigitte atarudi akute kurasa zinaruka. Paulin atakaa akiwa ameshikilia mdomo wake.

Imeuliza kama nina hakika. Nimebonyeza ndiyo. Imeandika kwa Kifaransa, kwa herufi nyekundu, kwamba umeme usikatike hata kidogo mpaka imalize, la sivyo yaliyomo yatapotea. Saa moja na nusu. Ni zaidi ya nusu saa, lakini watakula polepole, kuna samaki wa miba. Na umeme wa leo ni mzuri, haujakatika tangu asubuhi.

Taa ya darini imepepesa. Mara moja tu.