Mkia wa Jemadari

Jumatatu, 6 Februari 1956

Habari kubwa! Bwana wa ghala moja bandarini, Mzungu, anatafuta mlinzi mwenye mbwa wake. Mbwa ninaye, Jemadari. Tatizo mkia. Mrefu, umepinda kama mundu. Mbwa wa Uzunguni ni vigutu watupu, mikia imekatwa! Kasmir, jirani yangu wa chumba cha tatu, anaitaka kazi hiyohiyo. Jana kampeleka mbwa wake kwa muuza nyama sokoni. Pigo moja, mkia chini. Leo anapita uani akijiita Bwana Mlinzi.

Jumanne, 7

Nimekwenda Buguruni kwa Eliasi, dresa wa mifugo, anayetibu wanyama vidonda. Kakataa. Eti mkia ndio ulimi wa mbwa; ukiukata, utajuaje kafurahi au kaona mwizi? Nikamwambia Wazungu wanakata. Akasema Wazungu wenyewe wanagombana juu ya hilo. Uongo! Mzungu agombanie mkia?

Bi Kuruthumu, mwenye nyumba, naye kaingilia. Mama huyu Jemadari akimgusa kwa pua tu, hujitwaharisha mara saba, moja kwa udongo. Leo kageuka wakili wake! Kaniuliza, we Mchaga, Mungu kamtia mkia, wewe fundi gani umpunguze? Nikasema ni kazi, mama. Akasema basi nianze na masikio yangu, maana hayanifai kitu.

Jumatano, 8

Nimeazima kisu. Nimekinoa. Jemadari kadhani kuna nyama, kaja kukaa mbele yangu, mkia unafagia ua mzima. Mkono ukagoma. (Vumbi liliniingia machoni.)

Akili mpya! Nimeukunja mkia, nikaufunga tumboni kwa kipande cha kanga kuukuu ya Bi Kuruthumu. Nikapaka damu ya kuku, ionekane kidonda. Jemadari akailamba. Nikapaka tena. Akalamba tena. Nikaacha.

Alhamisi, 9

Bandarini. Kasmir kaitwa kwanza. Mbwa wake hoi, kigutu kimevimba, inzi tele. Bwana kauliza nani kafanya hivi. Kasmir, kifua mbele: mimi, Bwana! Bwana akawa mwekundu. Kamfukuza, kamwamuru ampeleke mbwa kwa dresa leo leo.

Zamu yangu. Na mimi nimeleta kigutu! Bwana akamshika Jemadari kichwani, Jemadari akafurahi, kanga ikafunguka, mkia ukachomoka na kumchapa Bwana gotini.

Nikajitetea, kanga ni ya kumkinga na baridi. Februari hii!

Bwana akacheka hadi kofia ikaanguka. Kasema mkia huo usiguswe. Ndio utakaomwambia mlinzi nani anakuja. Maneno ya Eliasi yaleyale! Naanza kazi Jumatatu. Alhamdulillahi, na Ukristo wangu wote.

Ijumaa, 10

Nimelala kama gogo. Mkia mzima, kazi ninayo. Eliasi kamsafisha mbwa wa Kasmir, atapona. Bi Kuruthumu anamtupia ukoko wa wali, kwa mbali.

Ila jana ofisini kwa Bwana niliona kalenda yenye picha ya mbwa, masikio wima kama askari gwarideni. Ya Jemadari yamelala.

Fundi viatu wa mtaani kwetu ana gundi nzuri sana.